Sauti Aliyoomba Ifutwe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye mafunzo, Zita Kessy alikunywa chai akiwa na mwanamke ambaye hakuwepo mezani.

Alikaa pale pale, meza ya pembeni kwenye mgahawa wa Mama Elinipendo, nyuma ya soko kuu la Moshi. Akaagiza chai ya maziwa na chapati, akaegemeza simu kwenye chupa ya chai, akachomeka hedifoni masikioni, akafungua kompyuta yake ndogo. Nje wachuuzi wa parachichi waliitana, mikokoteni ikagongana, makondakta wakagombania abiria wa Marangu. Zita hakusikia hata kimoja. Alimsikia Mwalimu Monica.

Hilo halikuwa jina la kweli. Mwenye sauti alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza huko Machame, naye Zita alimhoji mwezi wa pili kwa ajili ya utafiti wake kuhusu watoto wanaofika shuleni wakijua Kichagga peke yake. Jina halisi alilifungia, akambandika lingine, kama watafiti wanavyofundishwa. Kazi iliyobaki ilikuwa kunukuu. Asikilize sentensi, asimamishe, aandike, arudishe nyuma, asikilize tena. Maneno, vicheko, kimya, kikohozi, vyote viingie kwenye maandishi.

Alikuwa amemsikiliza mno. Sauti ile ilishahamia kwake. Akifua nguo chumbani kwake Shirimatunda, aliisikia ikimwambia akamue vizuri. Mvua ikigonga bati, aliisikia ikinyamazisha darasa. Alishampigia simu yule mwalimu mara kadhaa tangu masika, simu haipatikani, akasema moyoni kwamba mtandao wa milimani ndivyo ulivyo.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa saba, ukungu umefunika mlima wote kana kwamba haujawahi kuwepo, kijana mmoja alipita kati ya meza akitafuta nafasi. Mkanda wa begi lake ulinasa waya wa hedifoni. Waya ukachomoka, na sauti ya Mwalimu Monica ikaruka nje ya simu, ikajaa mgahawa mzima:

"...ukimcheka mtoto kwa Kiswahili chake kibovu siku ya kwanza, umemfunga mdomo mwaka mzima. Mimi huwaambia, haya, watoto wa Mungu, semeni hivyo hivyo tu..."

Zita aliidaka simu, akaizima. Alipoinua uso, kijana alikuwa bado amesimama, mkono umeshika mkanda wa begi. Alikuwa mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, koti la rangi ya kahawia, viatu vimeng'arishwa licha ya matope ya soko. Aliitazama simu, kisha akamtazama Zita. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Wewe kaka, umeganda?" Mama Elinipendo alimpigia kelele kutoka kwenye jiko la chapati. "Muombe dada wa watu samahani! Au umeona malaika?"

"Nimeona," kijana alijibu taratibu.

Watu wakacheka. Zita alihisi joto likimpanda shingoni hadi kwenye mizizi ya nywele zake alizosuka twende kilioni. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha buluu na sweta la kijivu lililoanza kutoa nyuzi kwenye kiwiko, na hakukumbuka siku ambayo mwanamume aliwahi kumtazama vile.

"Samahani sana, dada," kijana alisema. "Nimeharibu kitu?"

"Hapana. Ni kazi tu."

"Nani huyo anayeongea?"

"Siwezi kusema. Ni siri ya kazi."

"Ana sauti nzuri," alisema, akavuta kiti cha mkabala bila kukaribishwa.

Zita aliona macho yake yamelowa, akadhani ni moshi wa jiko.

*

Jina lake lilikuwa Eliudi Mmari, na saa moja baadaye walikutana tena ukumbini. Wote wawili walikuwa kwenye mafunzo yale yale, ya mbinu za utafiti kwa wahadhiri vijana wa elimu, yaliyofanyika katika chuo kimoja cha ualimu pale mjini. Zita alifundisha chuo cha Moshi. Eliudi alitoka chuo cha Singida. Mwezeshaji alikuwa Dokta Wenseslaus, mzee mpole mwenye tai ya kufuma na sauti ya mtu aliyezoea kusoma somo kanisani.

Siku ile ile walianza kutaniana. Eliudi alikuwa mtu wa takwimu, Zita mtu wa mahojiano, na kambi hizo mbili hazijawahi kupatana popote duniani.

"Ninyi mnakaa na bibi mmoja, mnakunywa naye maziwa, mnaita utafiti," Eliudi alisema wakati wa chai.

"Na ninyi mnawagawia watu elfu moja hojaji, hamjui hata mmoja wao alikuwa anaumwa jino."

"Asilimia ngapi walikuwa wanaumwa jino?"

"Ondoka hapa!"

Aliondoka, akarudi na kitumbua akamwekea kwenye sahani. Kuanzia hapo kiti cha jirani na Zita hakikukaliwa na mtu mwingine. Mchana walikula mtori kwa Mama Elinipendo, jioni wakatembea barabara ya Boma chini ya miti inayodondosha maji ya ukungu, Eliudi akimwita Mama Mahojiano, Zita akimwita Bwana Asilimia. Eliudi alijua kwamba Mchaga wa Kibosho, kama Zita, hatanyamaza akichokozwa, akamchokoza makusudi.

"Wakibosho mna hasira."

"Nani kakwambia? Nitakupiga."

Zita alikuwa mtu wa aibu. Kazi yake ilimfaa kwa sababu anayehoji hahitaji kujieleza. Anauliza, anaitikia, anamwachia mwenzake aseme. Akiwa na Eliudi alijikuta anasema. Alimweleza habari za mama yake anayefuga ng'ombe wa maziwa Kibosho, na za hofu yake ya kusimama mbele ya darasa. Eliudi alisikiliza yote. Akiulizwa za kwao, alieleza za baba yake, Mzee Eliufoo, na za kahawa yao kule Machame, halafu akageuza mazungumzo.

Jioni simu iliita.

"Mama Mahojiano."

"Abee, Bwana Asilimia."

"Unafanya nini, mpenzi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Zita alikaa kitandani, akavuta blanketi miguuni. "Nanukuu."

"Yule mwalimu wako?"

"Huyo huyo."

"Leo amesema nini?"

"Eliudi, unajua siruhusiwi."

"Basi usiniambie alichosema. Niambie tu kama amecheka."

Zita alitabasamu gizani. "Amecheka."

"Sana?"

"Mpaka akakohoa. Mbona unamuulizia hivyo mtu usiyemjua? Nitaona wivu."

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa.

"Lala salama, Zita," alisema Eliudi, sauti imebadilika.

Siku nyingine, wakila, Zita aliwakusanya washiriki wenzao waliochelewa kuondoka mezani. Bila kufikiri akapiga makofi, akasema, "Haya, watoto wa Mungu!" Kijiko cha Eliudi kilianguka. Alimtazama kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Zita aliona yale macho, yaliyolowa na yenye njaa, akajiambia kwamba hivyo ndivyo mtu anavyopendwa. Lakini usiku, akijifunika, kitu fulani kilimkereketa. Eliudi hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anautazama mdomo wake, kana kwamba anasubiri mtu mwingine atoke humo.

*

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya somo la kunukuu. Dokta Wenseslaus alitaka sauti ya kweli ya kufanyia mazoezi, si ya kuigiza.

"Mwenye kipande kisicho na jina la mtu wala la shule?"

Zita alikuwa nacho. Alikipitia mara mbili kuhakikisha hakuna jina, hakuna kijiji, hakuna cha kumtambulisha mtu, akakipeleka mbele akiwa na fahari kidogo. Eliudi alikuwa amechelewa. Aliingia wakati nyaya zinaunganishwa, akaketi kiti cha nyuma.

Spika za ukutani zikakwaruza. Kisha Mwalimu Monica akaongea na ukumbi wote.

Alieleza habari za mtoto aliyekaa kimya tangu shule ilipofunguliwa hadi siku aliyoona kinyonga dirishani, akataja jina lake kwa Kichagga kwa sauti kubwa. "Nikasema, sawa, leo somo ni kinyonga!" Akacheka. Kicheko kikapanda, kikavunjika, kikageuka kitu kingine.

"Simamisha," alisema Dokta Wenseslaus. "Hapo mmeandika nini? Kicheko au kikohozi?"

"Kicheko," wengine walisema.

"Kikohozi, tena kikavu," akasema mwingine.

"Rudisha."

Ikarudishwa. Mwanamke akacheka, akakohoa.

"Sikilizeni pumzi baada yake. Rudisha tena. Kuna mkoromo kidogo, mnausikia? Uwekeni kwenye mabano. Rudisha."

Kalamu zilikwaruza karatasi. Mwanamke alikohoa, akakohoa, akakohoa, ukumbi mzima umeinama ukipima kikohozi chake kama mafundi wanaosikiliza injini. Zita aligeuka nyuma kumtafuta Eliudi ampe tabasamu.

Eliudi hakuwa anaandika. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Sauti iliporudishwa tena, alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akatoka.

Zita alimkuta barazani. Manyunyu yalikuwa yanapeperushwa hadi ukutani, na koti lake lilikuwa limelowa upande mmoja.

"Eliudi! Unaumwa?"

"Mwambie asirudishe tena."

"Nani?"

"Mwambie mzee wako asirudishe tena! Aliugua hivyo hivyo. Ndivyo alivyokohoa mpaka Pasaka, tukamzika Jumatatu ya Pasaka. Yule ni mama yangu, Zita."

Zita aliyarudia majina kichwani. Kwenye orodha ya walimu jina lilikuwa Eliona Swai, jina la kwa baba yake, si la mumewe. Hakukuwa na Mmari mahali popote. Kisha jambo la pili likamfikia, polepole, kama baridi inayopanda kutoka miguuni. Amezikwa. Zile asubuhi zote, ile chai yote, zile simu alizopiga zisipatikane. Alikuwa anaongozana na marehemu sokoni na chumbani, akimwomba arudie sentensi, naye anarudia.

"Sikujua," alisema. "Naapa sikujua. Nilikuwa nampigia..."

"Simu yake ipo kwenye droo ya baba."

"Pole, Eliudi. Pole sana." Alinyoosha mkono, lakini mkono ukaishia njiani, kwa sababu jambo la tatu nalo lilikuwa limefika. "Wewe ulijua tangu lini?"

Eliudi aligeukia manyunyu.

"Tangu siku ile kwa Mama Elinipendo," Zita alisema. "Alikuuliza kama umeona malaika. Hukuwa umeniona mimi hata kidogo."

"Hatuna sauti yake, Zita. Hata moja. Picha zipo, sauti hamna. Nilikuwa nimeanza kuisahau. Halafu napita sokoni, naisikia inaniambia watoto wa Mungu. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningesema! Ningesema ni mama yangu. Wewe umekaa mezani kwangu, umeniita mpenzi, unaniuliza kama amecheka. Ulikuwa unanichumbia mimi au simu yangu?"

"Usiseme hivyo."

"Jibu."

Alifuta uso kwa kiganja. "Nipe hiyo sauti. Nipe kwanza, halafu tuongee."

Lingekuwa jibu lolote jingine, Zita angemkumbatia. Alirudi nyuma hatua moja.

"Siwezi. Nilimuahidi. Aliniambia mwenyewe nikishaandika niifute. Ipo mwishoni, ameisema kabisa."

"Amekufa, Zita!"

"Ndiyo maana siwezi kumuomba anibadilishie."

Eliudi alijifunga koti. "Umewapa watu arobaini waicheze kama mpira," alisema, "mimi mwanawe unaninyima." Akashuka ngazi, akaingia kwenye ukungu bila mwavuli.

*

Hakuonekana kesho yake, wala siku zilizofuata. Simu yake ilikuwa imezimwa. Zita alikwenda kwa Mama Elinipendo kwa mazoea, akaagiza chai, akakaa bila hedifoni.

"Leo husikilizi wimbo wako?" Mama Elinipendo alimuuliza.

"Siyo wimbo, mama."

"Najua. Nakutania tu, mwanangu. Na yule kijana wa malaika?"

Zita alifunika uso kwa khanga ya mezani, akalia. Mama Elinipendo akageuza chapati, akamwachia alie.

Sauti haikumwachia. Sasa alipojua, ilikuwa mbaya zaidi. Akilala, kikohozi kilimuamsha; akiamka, chumba kilikuwa kimya, na ukimya wenyewe ulikuwa kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Aliogopa kugusa simu. Aliogopa pia kwamba betri ingeharibika, sauti ipotee. Moyo wake ulitaka afute, tena haukutaka.

Alichokosea alikijua. Aliondoa jina, akaondoa shule, akasahau kwamba kwa watu wa nyumbani kwake sauti ya mtu ndiyo jina lake.

Siku ya mwisho ya mafunzo alimfuata Dokta Wenseslaus, akamweleza yote. Mzee alivua miwani, akaketi kwenye meza ya mbele kama mwanafunzi.

"Mimi ndiye niliyesema rudisha," alinong'ona. "Mara ngapi ile? Bwana wee." Alifuta miwani kwa tai, kisha akauliza, "Ulipomhoji ulimuahidi nini, mbali na kufuta?"

"Kwamba nikimaliza nitampelekea maandishi ayasome, aseme kama ndivyo alivyomaanisha."

"Ulimpelekea?"

"Sikuwahi."

"Basi wapelekee watu wake. Hilo la kufuta nalo kaliseme kwao, si kwangu. Mimi sina mamlaka juu ya mke wa mtu."

*

Barabara ya Machame ilipanda ndani ya wingu. Zita alivaa gauni lake jeusi la kanisani, akajitanda khanga. Kwenye mkoba alikuwa na maandishi yaliyochapwa, na mkononi alishika jani la sale alilolikata kwenye ua wa jirani, amelifunga fundo. Mchaga haendi kuomba radhi mikono mitupu. Anabeba sale, na aliyekosewa akishalipokea hawezi tena kumfukuza mwombaji. Atamsikiliza mpaka mwisho. Mama yake alimfundisha hivyo utotoni. Hakuwahi kulibeba mwenyewe.

Alipelekwa na watoto hadi kwenye nyumba ya bati jekundu katikati ya migomba. Mzee mwenye kofia ya sufu alikuwa anawakatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umetokea wapi na ukungu huu?"

"Mjini, baba. Kwetu ni Kibosho."

"Kibosho!" Mzee Eliufoo aliweka panga chini. "Zamani mababu zetu, walipopigana na wenu, wangekukamata pale mtoni." Alicheka kidogo, ndipo akaliona jani. Kicheko kikatulia. "Umemkosea nani hapa?"

"Ninyi nyote, baba. Na mama."

Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza. "Nani kalifunga hivi? Kama utepe wa harusi." Akalichomeka kwenye mfuko wa koti. "Haya. Nimeshalishika. Kaa useme."

Eliudi alitokea zizini, mabuti ya mpira miguuni, ndoo ya maziwa mkononi. Alikuwa amekonda. Alipomwona Zita aliweka ndoo chini, maziwa yakamwagika kidogo, wala hakuyaangalia. Baba yake alimwonyesha kigoda, naye akaketi.

Kaburi lilikuwa pale pale, hatua chache kutoka barazani, kama yalivyo makaburi yote ya kihambani, kwenye shamba la ukoo, vigae vyeupe, masale yamepandwa pembeni, migomba ikilidondoshea maji. Zita aliongea akiwa amelielekea. Alieleza kosa la ukumbini bila kujitetea, kisha akampa mzee maandishi.

Mzee Eliufoo alivaa miwani. "Mwalimu Monica? Ndiye nani huyu?"

"Ndilo jina nililompa, baba. Ili asijulikane."

"Monica!" Mzee alimgeukia mwanawe. "Mama yako mzee wa usharika wa Kilutheri, kafanywa Mkatoliki!"

Eliudi alitaka kucheka, kikamtoka kilio. Zita aliangalia chini.

"Sauti ninayo bado," alisema. "Sijaifuta. Nilitaka muisikie kwanza, nyinyi peke yenu, bila mtu wa kuirudisha rudisha."

Akaiweka simu juu ya kigoda kitupu, akabonyeza.

Sauti ya Eliona Swai iliingia uani kwake. Iliongea habari za chaki, za watoto, za kinyonga. Kuku walitembea wakidonoa. Eliudi alifumba macho. Kicheko kilipofika na kuvunjika na kuwa kikohozi, Mzee Eliufoo aliinuka nusu, mkono umeshatangulia upande wa jikoni, anataka kumletea maji. Alisimama hivyo mpaka kikohozi kilipokwisha. Kisha akaketi tena, taratibu, akavua kofia.

Mwishoni sauti ilisema, "Sasa, mwanangu, ukishaandika, ufute. Maneno kaa nayo, yatasaidia watoto. Lakini sauti ya mtu isizunguke zunguke bila mwenyewe."

Halafu ikakatika, na migomba ikasikika.

"Amesema," alisema Mzee Eliufoo.

"Baba, tubaki nayo. Hata kidogo tu."

"Ulishawahi kumbishia ukashinda?"

"Sijawahi."

"Mimi nimejaribu tangu tuoane." Aliyakunja maandishi, akayaweka kifuani ndani ya koti, pamoja na jani. "Haya nitasoma. Nitamsikia nikisoma."

Zita alichukua simu. Kidole kikatafuta pa kufutia. Hapo Eliudi alinyoosha mkono.

"Nipe mimi."

Alimpa. Simu ingeweza kutuma ile sauti popote, kwa kugusa mara moja tu, na wote wawili walijua. Eliudi aliitazama kwa muda mrefu. "Siku ya kwanza nilikudanganya," alimwambia Zita bila kuinua macho. "Nilikaa kwa ajili yake. Lakini nikikupigia jioni, nikiuliza kama amecheka, kuna siku nilikuwa nimeshasahau kwamba nilipiga kuuliza hilo." Akabonyeza. Akabonyeza tena palipouliza kama ana uhakika. Akamrudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha sahani.

*

Walishuka pamoja hadi barabarani kusubiri gari. Mibuni ilikuwa inadondosha maji kando ya njia, na mlima, uliojificha mwezi mzima, ulikuwa bado umejificha. Eliudi alibeba mkungu mdogo wa ndizi ambao baba yake alisisitiza Zita aondoke nao. Kikohozi hakikusikika. Zita alisikiliza, akakitafuta masikioni mwake, hakikuwepo.

"Simu yangu haina tena kitu chako," alisema.

"Najua."

"Sasa huna sababu ya kukaa mezani kwangu."

Eliudi alihamisha mkungu bega la pili. "Bwana Asilimia anaweza kupata sababu. Kwa makadirio ya—"

"Usitanie."

Honi ya gari ilisikika mbali, juu kwenye kona. Zita alijua kwamba likifika atapanda, na akipanda bila kusema atajiuliza maisha yake yote. Eliudi alimwangalia usoni, machoni kabisa.

"Unataka nikujibu nini, Zita? Niulize, nitajibu."

"Sina swali. Maisha yangu nauliza watu maswali, leo sina." Sauti ilikuwa yake mwenyewe. "Nakupenda, Eliudi. Siku ile nilidhani umesimama kwa ajili yangu, nikafurahi mpaka nikaona aibu, na nilipojua si mimi niliumia mpaka leo. Sasa nataka uje kwa ajili yangu. Jumapili, baada ya ibada, uje Kibosho na baba yako na mbege ya posa, mpige hodi kwa mama yangu mchana kweupe, akiwauliza mmefuata nini mtaje jina langu. Nataka kuolewa na wewe."